Mkifika Kwenye Feri, Mama

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Pwani. Goti limepunguza kuuma? Na mvua, imefika Ishiara au bado inaishia kwa majirani? Mimi ni mzima, joto tu ndilo linanitesa.

Barua ya dada imenifikia, ikanifurahisha, halafu ikaninyima usingizi. Anasema ninyi akina mama wa kanisa mnakuja huku Desemba, na basi lenu litavuka kwa feri ninayofanyia kazi.

Mama, feri hii imezeeka. Zililetwa tatu, rika moja, kabla sijazaliwa. Nahodha wetu anasema watu walivaa nguo za Jumapili kuja kuzitazama. Ya kwanza sasa imelala matopeni. Tumeigawana kama mbuzi wa wazee, pampu huku, gia kule. Ya pili ikafuata. Hii iliyobaki inaishi kwa vipande vya wenzake, na kila mwaka tunaambiwa mpya iko njiani.

Wiki jana injini zilizima tukiwa katikati. Maji yakaanza kutusukuma kuelekea bahari kuu, na huko juu watu wakapiga mayowe. Nahodha akaniita, "We Mmeru, iamshe hiyo mashine, twachukuliwa!" Nimechoka kumweleza kwamba Mmbeere si Mmeru. Nilifunga bomba lililopasuka kwa mpira wa tyubu, mpaka ikawaka. Tulipofika ng'ambo nilitapika.

Sikukatazi kuja. Najua ulivyoingojea safari hii. Lakini sheria ni kila abiria ashuke kabla gari halijaingia kwenye feri, na mabasi ya kwetu nayajua. Akina mama wanaogopa maji, kwa hiyo wanabaki ndani, wanafunga madirisha, wanafumba macho na kuomba. Ukiwaambia washuke wanasema, "Sisi tulilipa viti. Na hizi ndizi nani atachunga?" Mungu anasikia hata ukiomba umesimama nje. Basi likiteleza likaingia majini, mlango haufunguki. Hiyo hofu yenu ndiyo itawaua.

Waambie wenzako. Wakikucheka, wewe shuka peke yako.

Msalimie Baba, umwambie aache kubishana na daktari wa mifugo. Msalimie dada, mwandishi wako, na shangazi anayeuza ndengu Kiritiri.

Labda unafikiri siku hiyo nitakuwa kando yako. Sitakuwa. Zamu ya siku hiyo nimeiomba, lakini kazi yangu iko chini kwenye injini, na huko hakuna dirisha. Mashine ikinyamaza, sitaweza kupanda kuja kukutafuta. Itanibidi nibaki niiamshe. Nikiwa huko, nataka nijue mama yangu amesimama juu, nje, penye hewa.

Mwanao,
Njeru