Godoro la Kabula

Jumatatu, 3 Februari
Godoro limelowa mkojo tena. Siku ya nne mfululizo. Mjukuu wangu Kabula, miaka tisa, darasa la tatu, aibu gani hii. Nimemtwisha kichwani alipitishe barabarani akalianike juu ya jiwe kwa mama Rehema, watu wote wamwone. Ndivyo tulivyofanyiwa sisi na tukaacha. Majirani wamecheka. Yeye hakulia. Nikaenda zangu sokoni Mkuyuni kuuza dagaa.

Jumatano, 5 Februari
Kabula kashika kanga yangu asubuhi. Anasema mjomba wake anamfanyia vibaya nikiwa sokoni. Mjomba ni Masanja, kitinda mimba wangu. Ndiye anayetulisha tangu binti yangu, mama yake Kabula, afariki. Nimempiga kofi. Ulimi huo utakuponza, nikamwambia. Kiganja bado kinaniwasha.

Ijumaa, 7 Februari
Nimeitwa shuleni. Kabula kamwambia mwalimu yale yale. Mwalimu hakumpiga.
Katupeleka kituo kimoja ndani ya uwanja wa hospitali. Polisi mwanamke asiye na sare, daktari, dada wa ustawi wa jamii, wote nyumba moja. Kabula kaingizwa chumba chenye midoli. Anaulizwa na mtu mmoja tu, mara moja tu, asirudierudie kila ofisi. Mimi mlezi nimewekwa nje kwenye benchi kama muuza karanga. Nimewasema sana.
Daktari kampima. Alichosema sitakiandika. Ni kweli.
Dada wa ustawi kaniuliza habari za kulala. Nikamweleza la godoro, kwa majivuno kabisa. Kisha kasema, "Bibi, alikuwa anakuambia."
Nimemkaripia. Nimezaa sita, utanifundisha kulea wewe?
Njiani sikuweza kumtazama mtoto.

Jumamosi, 8 Februari
Masanja kakamatwa. Polisi walikosea mlango, mimi ndiye niliyewaonyesha. Kaniita mama. Sikuitika.

Jumanne, 11 Februari
Kaka yangu kaja kutoka Magu na wazee wawili. Wanataka achinjwe ng'ombe, yaishe kinyumbani, Kabula aseme aliota. Kaka kasema, "Dada, damu yako unaipeleka jela?"
Nikamjibu, "Na huyu mtoto aliyemo ndani ni maji?"
Lakini nisijidanganye humu. Nilifikiri. Ugali ulipokuwa jikoni nilifikiri. Masanja nilimnyonyesha miaka miwili. Ingekuwa kazi ndogo, nimwambie Kabula tu. Angetii. Ananiogopa.
Hapo ndipo nilipoogopa mimi.
Nimewaondoa kabla hawajanawa mikono. Hajawahi mgeni kutoka kwangu na njaa. Kaka kasema nikifa wasiitwe. Sawa. Watanizika majirani.

Alhamisi, 13 Februari
Kituoni tena. Kabula anachora huko, anaongea na mshauri. Mimi sijui wanaongea nini na nimekatazwa kumuuliza. Dada wa ustawi kasema siku ya mahakama atamsindikiza Kabula, na mtoto hatakaa uso kwa uso na Masanja.
Kisha kaniuliza mimi nalalaje. Mimi! Nikamwambia hayamhusu. Nikalia mbele ya mtoto wa watu, kamasi na kila kitu. Kanipa maji. Kasema wiki ijayo nije peke yangu kwanza. Nimemwambia sina nafasi.
Nitaenda.

Jumatatu, 17 Februari
Godoro limelowa. Nimeamka nikamkuta Kabula kashalikunja, kainama ajitwishe.
Nimemnyang'anya. Nimejitwisha mimi, zito kweli, maji yananichuruzikia shingoni. Nimepita barabarani taratibu. Mama Rehema kaniuliza, "Bibi, leo nani kakojoa?"
Nikamwambia, "Mimi."
Hakucheka. Kanisaidia kulitandaza juu ya jiwe. Kabula alikuwa nyuma yangu kabeba mto.
Jua lipo. Mpaka adhuhuri litakuwa limekauka.