Sekunde Saba za Reiji

Jumanne, 5 Februari

Theluji haijakatika tangu jana. Duka la udobi nimelifungua kwa kuchelewa. Sepetu, mgongo, matusi.

Eti tumekuwa maarufu! Mtu fulani mtandaoni kataja balada za roki za Kijapani zenye kugusa moyo, zile asizopaswa mtu kufa hajazisikia, na humo kauweka wimbo wetu, "Jukwaa Namba Mbili". "Andaa leso," kaandika. Leso! Bendi yetu ya Chuma Chakavu ilipokuwa hai, mji huu wa Minagawa ulituitia polisi. Leo mama wa duka la samaki kaleta kimono yake, akaniambia amelia mpaka wali ukaungua. Ni yuleyule aliyekuwa akigonga ukuta kwa ufagio tukifanya mazoezi.

Nimemwambia tu doa la mchuzi wa soya halitatoka. (Litatoka.)

Reiji angecheka. Ndiye aliyeutunga, ndiye aliyeuimba. Mwaka wa tisa huu yuko kaburini, na saratani ya koo lile lile aliloimbia ndiyo iliyomuua.

Ijumaa, 8 Februari

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Bwana Hatakeyama, mkuu wa stesheni, kaja kuchukua koti lake la kazi. Meno yote nje. "Dada Togashi, hongera! Kuanzia Machi, wimbo wenu ndio utakaopigwa treni zikiondoka."

Wimbo upi?

"Huo wa jukwaa la pili. Kwenye jukwaa la pili! Umeona ulivyokaa?"

Watapiga sekunde saba tu. Wimbo wa dakika saba—sekunde saba! Kisha milango ifungwe.

Nani karuhusu? Nagumo. Nagumo wetu, mpiga gitaa, aliyekuwa na nywele za kufika kiunoni. Siku hizi ni afisa utalii wa manispaa, ana upara na tai. Nimempigia simu. Hakupokea. Angepokeaje!

Jumapili, 10 Februari

Nimemfuata nyumbani. Mkewe kanikaribisha chai. Nikasema sinywi, nikanywa. Nagumo kanisikilizisha kwenye simu. Ting-ting-ting, ting-ting! Kengele! Kengele za muuza aiskrimu! Na ile sauti inayoshuka, pale Reiji anaposema "sikugeuka"—wameipandisha. Wameifanya ichekelee!

"Nani kafanya uchafu huu?"

"Mimi," kasema. "Mitsu, watu wanapanda treni, hawaendi mazikoni."

"Wimbo unahusu nini, Nagumo? Umesahau?"

Hajasahau. Nani atasahau? Reiji ana miaka kumi na tisa, anatoroka kwao na gitaa, anapanda treni ya kwanza ya alfajiri. Na mfanyakazi wa zamu pale jukwaani ni baba yake mzazi! Mzee hakumwambia neno. Alipuliza filimbi, akainua bendera, treni ikaondoka na mwanawe. Hawakusemezana tena mpaka Reiji anakufa. Huo ndio wimbo. Sasa umetiwa kengele!

"Na baba yake, mzee Kuwabara, anasemaje?"

"Amegonga muhuri wa idhini, kama mrithi."

"Aliusikiliza?"

"Hakuuliza hata ni wimbo gani."

Halafu mke wa Nagumo, mwanamke mpole, hana kosa, kaleta sahani. Mandazi ya maharage matamu, ya majaribio, yatauzwa stesheni. Juu yamechomwa chapa ya sura ya Reiji. Reiji! Ambaye maharage matamu hakuweza hata kuyanusa! Nimetoka kamba za viatu zikiburuzika.

(Moja nimelila njiani. Si baya. Hilo limenikera zaidi.)

Jumapili, 17 Februari

Nimekwenda kwa mzee Kuwabara mwenyewe. Miaka themanini na minne, na yuko juu ya paa anasukuma theluji! Nikamwita.

"Nani?"

"Togashi wa udobi. Nilikuwa bendi moja na Reiji."

Akaendelea na sepetu. Theluji inaniangukia miguuni. Makusudi, naapa.

"Mzee, unajua wimbo wa mwanao unasema nini?"

"Sijausikia."

"Miaka thelathini, mzee! Ulipigwa mpaka redioni!"

"Nilikuwa kazini."

"Ulistaafu zamani!"

Akachomeka sepetu kwenye theluji: "Wewe binti, sogea. Utafukiwa."

Binti! Nina miaka hamsini na sita. Nikasogea. Lilipoporomoka bonge zima la theluji, lilitua palepale nilipokuwa nimesimama. Asante sikumpa.

Nimerudi nalia kwa hasira. Reiji alimsubiri hospitalini hadi siku ya mwisho, macho mlangoni. Kila muuguzi akisukuma mlango, anageuza shingo. Mazishini mzee alikaa nyuma kabisa, akafukiza ubani, akaondoka. Mtu gani huyu? Muhuri alikuwa na nguvu za kugonga. Mguu wa kwenda hospitali hakuwa nao!

Jumatano, 6 Machi

Nagumo kapita dukani. Kasema aliomba ile sauti inayoshuka irudishwe. Wenye reli wamekataa. Eti abiria wakiingiwa na huzuni husitasita mlangoni, treni inachelewa.

"Nilijaribu, Mitsu."

Nikampa suruali zake bila kumtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Basi, na yawe mekundu!

Siku ya uzinduzi nitakwenda. Nitasimama mbele ya meya niuimbe mzima, mwanzo mpaka mwisho. Treni ikichelewa, ichelewe!

Jumamosi, 16 Machi

Naandikia hapa hapa stesheni, chumba cha kusubiria, kando ya jiko la mafuta ya taa.

Uzinduzi ulikuwa asubuhi. Meya, utepe, watoto wa chekechea na vibendera, mandazi yale. Nilijiweka pembeni, koo nimelisafisha. Kengele zikalia. Ting-ting-ting. Milango—pshh. Makofi. Nikafungua kinywa—

Hapo nikamwona. Mwisho kabisa wa jukwaa, mbali na wenye tai. Mzee Kuwabara, ndani ya koti lake la zamani la reli. Kasimama wima, visigino pamoja. Nikafunga kinywa.

Meya akaondoka. Watoto wakaondoka. Mzee hakuondoka. Treni ya pili ikaja, hakupanda. Kengele zikalia, ikaenda. Ya tatu vilevile. Na hapa treni ni moja kwa saa, na upepo wa leo unakata masikio! Nagumo akamwendea, akasema atamrudisha nyumbani kwa gari.

"Kijana," mzee kamwambia, "simama nyuma ya mstari wa njano."

Nagumo akarudi nyuma ya mstari. Afisa mzima!

Baada ya treni ya nne nikashindwa kuvumilia. Hasira zangu zote nilikuwa nazo bado, hata moja sikuiacha nyumbani. "Mzee, utagandia hapa."

Hakunitazama. "Inaishia njiani," kasema.

"Nini?"

"Hiyo sauti. Milango inafungwa haijafika. Baada ya hapo inakwendaje?"

Nikamwambia inakwenda mbali. Nikamwambia pale mwisho wamekosea, haipandi, inashuka. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akishuku hivyo tangu mwanzo.

"Ina maneno?"

"Ina maneno, mzee."

"Niimbie."

Mimi! Mpiga besi! Hata bafuni siimbi! Nikamwambia tuingie kwanza ndani, apate moto. Kaketi kidogo hapa nilipo, kisha kainuka, akasema si adabu kuimbiwa mikono mitupu, anakwenda kununua chai. Nagumo kakimbilia gari lake kuchukua gitaa. Eti limo humo tangu alfajiri. Kumbe na yeye alikuja na yake moyoni!

Ubeti wa kwanza nauweza. Wa pili nauweza: theluji, begi, tiketi mfukoni. Wa tatu ndio unaoanza na "Baba."

*Baba, umenipungia bendera kama unavyolipungia behewa la makaa.*

Na mistari inayofuata ni mibaya zaidi. Kila neno ni kofi. Siku ya kurekodi sauti ya Reiji ilipasuka hapo, tukaiacha hivyo hivyo, imepasuka. Nimeupenda ubeti huo kuliko nyimbo zote za dunia. Wiki tano nimegombana na mji mzima kwamba wimbo haukatwi!

Nagumo kaingia, theluji mabegani, gitaa mkononi. Kaniinamia sikioni: "Mitsu. Wa tatu tuuruke?"

Naandika ili nisimjibu.

Dirishani namwona mzee mbele ya mashine ya vinywaji. Anavua glavu kwa meno. Chupa ya kwanza imeanguka. Ya pili. Ameinama tena, anatafuta mfukoni—ya tatu, ya Nagumo.

Anakuja. Amezikumbatia zote kifuani, mlango anausukuma kwa bega. Nagumo anakaza nyuzi, ananitazama mimi.