Sinki la Kuogea la Kasulu

Kasulu, Julai 2013

Da Rehema, shikamoo. Baridi ya huku, hata mswaki napiga nimevaa sweta! Nyumba ya walimu niliyopewa ina sinki la kuogea, lile refu la kujilaza, nikaapa lazima nilijaze maji ya moto. Nimehangaika na sufuria tangu asubuhi: nikimimina ya tatu, ya kwanza imeshapoa. Jirani yangu, Mama Yeremia, akachungulia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu, hayo ni maji ya chai. Ngoja."

Akaleta pipa lake la kuchemshia mawese, tukalibandika uani kwenye mafiga, tukabeba ndoo kwa ndoo mpaka sinki likajaa. Kumbe pipa halikusuguliwa! Maji yana rangi ya chungwa, mwili unateleza, nanukia kama mboga ya maharage. Lakini joto limeingia hadi kwenye mifupa, dada. Nakuandikia nikiwa humu humu ndani.

Wabusu watoto. Mama mwambie nitaomba uhamisho maji yakipoa, ila namsikia Mama Yeremia huko nje anaongeza kuni.

Mdogo wako,
Zuhura