Ufunguo Usizimwe Mteremkoni

Jumatatu, 10 mars 2025

Mafuta imepotea tena. Pa Nyawera wamotari wamelala juu ya piki zao kama mijusi. Mimi napita — kimya, bila moshi! Piki ya umeme ya mjomba, tonton Constantin, iko moja tu hapa kwetu, na anayeiweza ni mimi. Mugisho, motari mwenzangu, akapiga kelele, eti hiyo ni friji yenye magurudumu. Nikamwambia, basi apande, apoe!

Nimerudi nyumbani Kadutu na batri 2%. Nani mwingine anaweza? Ujanja wangu: kila mteremko nazima ufunguo, nateleza bure, kama motari yeyote wa Bukavu.

Umeme haukuja. Mifupa inauma kwa mashimo ya barabara.

Jumatano, 12 mars

Umeme kidogo, ukaenda. Batri 31%. Risasi zimelia ng'ambo ya kilima. Hakuna aliyeinuka hata kuchungulia. Tumechoka na kuogopa pia.

Ijumaa, 14 mars

Nimemshusha dada Bintu kwa mkunga. Tumbo lake liko pa mulango, karibu kuzaa! Honoré, bwana yake, alikimbilia Idjwi vita ilipoingia mujini, hajarudi. Sasa bwana wa nyumba ni mimi — ndevu nne.

Kwenye mteremko nikataka kuzima. Akanipiga mgongoni: Sagesse, usizime, kushuka na piki iliyozimika kunanitisha! Haya, nikaacha. Chini nikatazama. Tulianza na 8%. Sasa 9%. Nikapangusa kioo — 9! Kumbe ufunguo ukiwa wazi, piki ikishuka inajirudishia umeme yenyewe. Na mimi fundi, tangu Noeli nazima, namwaga!

Mugisho asijue. Kamwe.

Mkunga hakucheka na mtu: mutoto amelala kingamo tumboni, kichwa hakiko chini. Uchungu ukianza, hospitali mbio. Nyumbani, hapana.

Jumamosi, 15 mars

Umeme ulikuja kidogo usiku, ukaenda. Nilikuwa na 18%, maman akasema piki ilale. Lakini Elodie, musichana wa jirani, alitaka kufika soko, na wamotari walikuwa wanatazama… Nikazunguka naye mara mbili.

Jumapili, 16 mars

Uchungu umeanza wakati wa misa. Batri 6%. Umeme bado. Maman anamfunga Bintu kikwembe, naandika nikingoja, mikono ipate kazi.

Kutoka hapa mpaka Nyawera ni kushuka. Kutoka Nyawera mpaka hospitali ni kupanda tu.

Mugisho amekuja. Mafuta hana hata tone, eti atakimbia nyuma, atasukuma. Akasema: kaka, zima ufunguo mpaka chini, uokoe batri. Ikabidi nimwambie. Yote — Noeli, Elodie, yote.

Hakucheka. Heri angecheka. Amevua sapati zake, amesimama pekupeku nyuma ya piki.

Bintu analia ndani. Nimewasha nitazame tena: 5. Ufunguo nauacha wazi; tunashuka.