Majina Niliyoipa Picha ya Digna

Kibosho,
Jumapili, 12 Septemba 1976

Kwa mdogo wangu mpendwa Leonia,

Shikamoo yako nimeipokea ikiwa bado ya moto, maana Basili wa basi alinikabidhi barua yako nikiwa nakamua, nikaisoma ndoo ikiwa katikati ya miguu. Marahaba, mwana wa mama yangu. Hamjambo huko kwenye miwa? Shemeji Wenseslaus kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimempungua? Na bibi harusi wetu Flavia, anakula au anajikondesha kama wasichana wa siku hizi? Sisi ni wazima. Baba Digna mguu unamsumbua kwa sababu ya baridi, lakini kulalamika halalamiki, unamjua. Kahawa tumechuma. Zile kilo mbili za sukari zimefika, nimezificha nyuma ya sanduku la nguo, maana wageni wa nyumba hii wakijua kuna sukari hawaagi.

Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli picha ya Digna ilitolewa kanisani, na kama ni kweli Digna hakanyagi tena nyumbani. Ukaongeza kwamba ingekuwa wewe ungeichoma hiyo picha, na kwamba kwenye harusi ya Flavia Digna aje peke yake. Nimesoma, sikukasirika. Habari ikipanda basi hufika imevimba. Kaa sasa uipate kwangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye habari na mimi ndiye mwenye kosa.

Kujisifu sipendi, lakini ukweli usemwe. Katika vijiji vyote vya upande huu hakuna mtoto aliyezaliwa na mkono kama wa Digna. Yule ng'ombe aliyemchora kwenye ukuta wa kituo cha maziwa, dume la jirani Nikodemo lilisimama mbele yake mpaka likachapwa. Sasa anafundisha uchoraji sekondari ya wasichana pale mjini, na mwalimu wake mkuu alinitamkia mwenyewe kwamba mwalimu kama huyu hajapata kumwona. Nilimjibu kwamba hata mimi sijapata.

Basi Pasaka alikuja na picha, kaizungushia kitenge. Ameipaka rangi juu ya marekani iliyowambwa kwenye fremu ya mbao, kubwa kama mlango wa banda. Ni wanawake wawili wamekaa jikoni, kwenye kigoda kimoja chenye nafasi ya mtu mmoja na nusu. Mmoja amemshika mwenzake shingoni kwa nyuma, kama unavyomshika mtoto mchanga asianguke. Nyuso zimegusana kwenye paji. Mmoja amefumba macho, mwingine hajafumba, anamtazama yule aliyefumba. Khanga imemteleza, na pale begani pana mkono. Basi, hakuna zaidi. Lakini ukisimama mbele yake unajiona umeingia kwa watu bila kupiga hodi.

Tukiwa tunaitazama, Martha akaingia, huyu mwenyekiti wetu wa akina mama wa kigango, ambaye miguu yake ina masikio. Akauliza hao ni akina nani. Mimi bila kumeza mate nikajibu kwamba ni Maria Mtakatifu kamtembelea Elizabeti. Martha akafanya ishara ya msalaba. Digna alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga.

Baada ya hapo kazi yote niliifanya mimi kwa ulimi wangu. Nilimweleza katekista Kalisti, nikaeleza sokoni, nikaeleza kwenye foleni ya maziwa. Kalisti akaja kuiona, akaiomba ining'inizwe kigangoni kwa sikukuu ya Maria kumtembelea Elizabeti, ile ya mwisho wa Mei. Ikapelekwa. Wajawazito walikuja na maua. Leonia, nilikaa benchi la kwanza na kile kitenge ulichonipa, na shingo yangu siku hiyo ilikuwa ndefu.

Digna alikuja kwenye sikukuu hiyo na mwenzake anayekaa naye kule mjini, Majengo. Anaitwa Mektrida, mkunga, kwao ni Mkuu kule Rombo. Msichana mpole, mrefu, ana alama nyeusi chini ya sikio kama punje ya maharage. Na Maria wetu ukutani alikuwa na alama hiyo hiyo, chini ya sikio hilo hilo. Watu wakaanza kutazama ukuta, wanamtazama msichana, wanarudi ukutani. Mzee Primus, ambaye hata kwenye ibada ya maiti hawezi kunyamaza, akauliza tangu lini Mama wa Mungu akawa Mrombo. Kanisa likacheka.

Kalisti hakucheka. Tulipotoka nje alimwuliza Digna mbele ya watu kwa nini Elizabeti wake hana kunyanzi hata moja, na Maandiko yanasema alikuwa mzee, tena mwenye mimba ya miezi sita, na huyu tumbo ni kama la msichana wa kwaya. Digna akamjibu kwa adabu, shikamoo ikiwa mbele, kwamba yeye hakuchora Maria wala Elizabeti. Alijichora yeye na Mektrida, kwa kuwa wanapendana, na hayo majina aliyatoa mama yake.

Watu wote wakanigeukia. Hapo ndipo nilipokosa. Nilicheka, nikasema kwa sauti iliyofika barabarani kwamba mtoto amelewa harufu ya rangi, hajui hata alichochora, na kwamba huyo Mektrida ni mpangaji tu, mimi simjui wala sitaki kumjua. Petro alikana mara tatu. Mimi nilikana mara moja tu, lakini sikubakiza kitu.

Digna hakulia. Alichukua mkoba wa Mektrida, wakateremka kwa miguu. Juni ikapita, Julai ikapita, tukachuma kahawa bila yeye, mara ya kwanza tangu ajue kushika kikapu. Aliniandikia mistari mitatu tu. Alisema ninapenda kusifiwa kwa ajili ya mkono wake, lakini sitaki kujua mkono huo umemshika nani, na kwamba hatapanda tena huku kuwa mtoto wa nusu. Nilikaa na hiyo karatasi, Leonia, na chakula kikawa kama majivu mdomoni. Mtoto mmoja aliyeniachia Mungu, nami nilikuwa nimempoteza kwa sababu ya kicheko cha Primus.

Picha ikashushwa, ikaegemezwa kwenye chumba cha majembe kigangoni. Baba Digna hakuniuliza. Alivaa koti, akachukua blanketi letu, akaenda na mguu wake mbovu kwenye mvua, akarudi nayo mgongoni. Akaitundika sebuleni. Alisema mtoto ni wake na ukuta ni wake, na asiyetaka kuiona akae ameipa mgongo.

Mwezi wa nane nikakata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba. Unajua kwetu hakuna ombi la msamaha linalolizidi, na anayeletewa hawezi kukataa. Lakini nilikuwa na hofu, maana watoto waliosoma wanaweza kusema hayo ni ya zamani. Njiani nikakutana na Martha. Akauliza nimemkosea nani mpaka nibebe isale. Nilipomwambia ni Digna, aliinama kwa kicheko, akasema tangu dunia iumbwe hajaona mama akimpelekea mwanawe isale, kesho ng'ombe wangu atanikamua mimi. Nikamwambia jani haliulizi umri, nikapanda basi.

Nilifika Majengo mlango ukiwa wazi, hawakunisikia. Digna alikuwa ametoka kupaka rangi. Mektrida ameuweka mkono wa mwenzake mapajani, ana kitambaa na mafuta ya taa, anamfuta kidole kimoja, anakimaliza, anashika kingine. Panapowasha anapapuliza. Na walikuwa wanaongea habari za bei ya mkaa. Mdogo wangu, miaka ishirini na tisa nimeolewa na mtu mwema, sina malalamiko, lakini hakuna aliyewahi kunishika kidole kimoja kimoja. Nilisimama pale mlangoni na moyo wangu ukasema asante kabla sijajua nashukuru nini.

Nikapiga hodi, nikamnyooshea Digna jani kwa mikono miwili. Hakulipokea. Aliniuliza nimeleta mangapi. Nikasema moja. Akasema basi halitoshi, kwa sababu siku ile niliwakosea watu wawili.

Mtu anaweza kukosa hata katika kuomba msamaha. Nikamgeukia Mektrida, nikampa yeye lile jani, na kwa mwanangu nikabaki mikono mitupu. Mektrida alilipokea, akanipa shikamoo, kisha akaliweka kwenye kiganja cha Digna na chake kikabaki juu. Akaniambia mama keti, umechoka, akabandika mtori. Digna akaketi karibu yangu na vidole vyake vinanuka mafuta ya taa. Kwetu jani likipokelewa, neno lile haliguswi tena.

Sasa, Leonia, nakuambia wewe ambalo majirani hawalijui. Huku wanasema Epifania ni wa darasa la nne, aliona wanawake wawili akadhani ni watakatifu. Nimewaacha waseme. Lakini mimi nilijua. Siku ile ya Pasaka, kabla Martha hajaingia, nilikuwa nimekwisha kuitazama picha ile. Lile bega nililibeba mgongoni, ningelikosaje? Na yale macho yaliyofunguka, hakuna binadamu anayemtazama mpangaji hivyo. Niliona, nikaona ni vizuri, nikaogopa. Nikatafuta majina ya kuwafunika watoto, nikachukua makubwa kuliko yote niliyokuwa nayo. Kule Majengo nilimwambia Digna hivyo, kwamba siombi msamaha kwa kutokujua, naomba kwa kujua. Ndipo aliponiwekea kichwa begani.

Namshukuru Mungu, namshukuru Baba Digna na mguu wake, namshukuru mwanamke wa Mkuu aliyemzaa Mektrida, sijamwona lakini nitampelekea mkungu. Kwenye harusi tutakuja, Digna na Mektrida na mimi katikati. Kama nafasi ni ya mmoja, usione haya kuniambia, tutabaki nyumbani sote watatu na zawadi ya Flavia ataileta Basili. Lakini mimi nakujua, utatandika mkeka mwingine.

Msalimie shemeji, mbusu Flavia, wasalimie majirani wote wanaoniulizia na hata wasioniulizia. Wanangu wanakuamkia, wamepanda jana na wako nje wanamenya ndizi.

Ni mimi dada yako,
Epifania, mama yao