Folda Niliyoamuru Itolewe Nje

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limo jaladani, wateja huniita Fundi Sentimita. Umri: miaka 47. Kazi: mshonaji, mwenye duka. Makazi: ghorofani juu ya duka.

Jumatatu tarehe 9 Machi, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, vipimo vya wateja wangu 1,146 viliibwa kwenye tovuti ya duka: vifua, viuno, nyonga, na namba za simu. Ni miaka ishirini na miwili ya kupima watu kwa mkono wangu.

Tovuti ilitengenezwa na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Mmemweka ndani tangu jana saa tisa alasiri, kwa kuwa nilikuja hapa na hasira nikasema ndiye aliyevitoa. Leo nimerudi kusema nililoliacha.

Mnamo tarehe 2 Machi, saa nne asubuhi, nikiwa dukani, niliandika kwenye kompyuta anwani ya faili la ukurasa wa vipimo, nione maneno yake. Ikajibu: Haupatikani. Nikampigia shemeji.

"Yaani nibishe hodi kwangu mwenyewe?"

Akacheka. "Dada, hicho ni kiolezo, ukurasa wenye mapengo. Mfumo huyajaza kwanza, ndipo mteja anauona. Folda yake imefichwa makusudi, mtu asiifikie moja kwa moja. Kwani wewe humwonyesha mteja gauni, au karatasi ya kukatia?"

"Usinifundishe ushonaji. Faili lipo au halipo?"

"Lipo."

"Basi lifunguke kabla ya saa sita."

"Nitaihamishia folda pa wazi, ukishikilia. Ila yeyote atakayeandika anwani hiyo ataona unachoona wewe."

"Nani ataijua? Hamisha."

Saa tano na dakika arobaini lilifunguka. Niliona mabano na mapengo, na mstari wa tatu, herufi zisizosomeka. Sasa najua lilikuwa nenosiri la hifadhi ya vipimo vyote. Kuliandika humo ni kosa lake, mstari mmoja. Amri ilikuwa yangu, na folda ilikaa wazi siku saba.

Jumatatu saa nane mchana mteja wangu, mwalimu, alinipigia. "Fundi, nyonga zangu zinasomwa ofisini kwa walimu. Wanauliza 124 ni sentimita au namba ya nyumba." Alicheka, akakata simu. Nimempigia mara tisa, hapokei.

Leo asubuhi nimepishana na mdogo wangu mlangoni penu, amemletea mumewe shati safi. Hakunisalimia. Aliniuliza tu, "Dada, uliwaambia yote, au uliwaambia yako?"

Jibu langu ndilo hili nililoandikisha. Nimesomewa, ni maneno yangu. Sitaki kuambiwa "tutaangalia". Kesho Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, nitakuwa kwenye benchi lenu. Nijibiwe neno moja: shemeji anatoka, au hatoki?

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Yamechukuliwa nami, afisa wa zamu, tarehe 11 Machi, saa tano na robo asubuhi. Shahidi aliombwa kuondoa swali la mwisho. Amekataa.