Mmoja Akisimama Inatosha

Chuoni, Jumapili, 1 Mei 1988

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe na Baba na Denny, na hata yule mbwa wenu asiyejua kuzeeka. Natumaini goti lako limetulia tangu umwone daktari, na kwamba hushindi umesimama jikoni kama ulivyokatazwa. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na mitihani ya mwisho inaanza karibuni. Ukiuliza hali ya moyo, hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu wakati wenzangu wote wako uani wanaota jua, wamejipaka mafuta ya watoto mpaka wanateleza.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu ya hapa kwenye nyumba ya chama chetu cha kina dada, kama unavyokumbuka, iko chini ya ngazi, na kila apitaye husikia. Tena nikiisikia sauti yako nitaanza kupamba maneno, nami mwaka huu nimeyapamba vya kutosha. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujamwambia lolote Mama Mdogo Earlene. Inamhusu yeye na wewe, na urafiki wenu ambao mimi nimekua nikiuona kama sehemu ya nyumba yetu, kama meza ya kulia.

Nianzie Agosti, juma la kuwapokea wasichana wapya wanaoomba kujiunga na chama. Joto lilikuwa lile lile la Arkansas unalolijua. Tuliimba kwenye ngazi za mbele mpaka sauti zikatukauka, tukatabasamu mpaka mashavu yakauma, tukawanywesha wageni chai ya barafu na kuwauliza wote maswali yale yale. Jolynn, aliyekuwa mwenyekiti wa mapokezi, alitupanga kama askari: wewe dakika chache na huyu, kisha mwenzako anakuja kukupokea, usimwache mgeni peke yake hata kidogo. Mimi nilikuwa msaidizi wake, na kila mtu alisema mwaka ujao kiti cha urais wa tawi ni changu iwapo sitaharibu. Nilikitaka, Mama. Nilikitaka kwa sababu picha yako iko ukutani pale kwenye ngazi, na chini yake imeandikwa kwamba ulikuwa rais.

Twyla, binti wa Mama Mdogo Earlene, alikuja siku ya kwanza kabisa. Wewe ulikuwa umemwandikia barua ya kumpendekeza, kisha ukanipigia simu ukaniambia huyu ni mtoto wako wa kumzaa kwa urafiki, nimshike mkono. Ukanisimulia tena ile hadithi yako na Mama Mdogo Earlene, na mimi nikajifanya siijui. Jinsi ninyi wanachama mlivyokaa kwenye zulia la sebuleni kuchagua wapya, jina lake likasomwa, wakaguna kwa sababu ya gauni lake la kushonwa nyumbani, nawe ukasimama peke yako, miguu mitupu imevimba, viatu vilivyokubana umevishika mkononi, ukagoma kukaa mpaka wakamwandika. Sheria ile haijabadilika. Msichana aliyeandikiwa barua na dada wa zamani, mmoja wetu akisimama inatosha kumwingiza.

Twyla alivaa gauni la njano na viatu vya mama yake. Hakujua kusema kwa sauti ya chini. Jolynn alipomuuliza anapenda kufanya nini likizo, alitarajia kusikia kuogelea au tenisi. Twyla akamwambia kwamba wao wana mabanda ya kuku, na kazi yake ni kutenga vifaranga, majogoo huku na matembe kule. Akachukua leso ya mezani, akaikunjua iwe bawa, akamwonyesha namna ya kutazama manyoya ya kifaranga cha siku moja. Alieleza vizuri, kwa furaha, na wasichana waliomzunguka wakacheka, naye akacheka nao akidhani wamependezwa. Tangu hapo Jolynn akawa anamwita Mama Kuku. Akipita tu, mmoja anatoa mlio wa kuku anayetaga, na chumba kizima kinavunjika mbavu.

Mimi nilimpenda. Nataka ulijue hilo, ingawa linafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Jioni ya mwisho, ile ya mishumaa, tulikaa wawili pale dirishani. Unajua tumekatazwa kumwahidi mgeni chochote. Lakini macho yake yalijaa machozi, akaniambia mama yake ameshaisafisha beji yake ya dhahabu na kuiweka kwenye kisanduku chake chekundu, tayari kumpa. Nikamshika mkono nikamwambia asiwe na wasiwasi, hapa ni kwao. Kwa neno langu hilo, kwenye kadi yake ya kuchagua aliandika nyumba yetu peke yake, nafasi nyingine akaziacha tupu.

Yaliyofuata unayajua kama nilivyokupa. Nilikupigia simu siku ile wasichana wapya walipokimbia uwanjani na bahasha zao za kukubaliwa, nikakuambia kwamba Twyla amebadili mawazo, hakututaka. Ukasema, “Baada ya yote niliyomfanyia mama yake.” Ukanipa pole mimi. Ukaniambia nisijali, asiye na adabu hujionyesha mapema. Kisha ukampigia Mama Mdogo Earlene, na yeye, badala ya kukukatalia, akakuomba radhi. Alisema hata yeye Twyla amemwambia hivyo hivyo, kwamba amebadili mawazo, na hajui amekosea wapi kumlea. Oktoba mlikuwa muende ziwani kama kila mwaka. Hukwenda. Ulinieleza kwa simu, nawe ulicheka kidogo ulipokuwa unasema, kwamba umeamua kumwacha anyenyekee kwanza.

Ni katika Oktoba hiyo hiyo tulipokuwa tunaunda gari la gwaride la kurudi nyumbani kwa wahitimu. Tulikuwa tunalivika simba mkubwa wa karatasi, na waya wa kuwekea karatasi ukatuishia. Nadhani wewe ndiye uliyemwambia Mama Mdogo Earlene, au alisikia kwa wengine. Akataka kujisafisha kwenu. Akamtuma Twyla na gari la baba yake, limejaa marobota ya waya, bure, pamoja na pai mbili za njugu. Ulikuwa waya wa mabanda ya kuku, Mama. Wasichana wale wale walioiga mlio wa kuku ndio waliokesha wakiuchomeka vikaratasi, nasi tukashinda kombe, na picha yake uliibandika kwenye friji.

Desemba ikapita na sherehe zake. Wasichana wapya wakapewa dada zao wakubwa, vikapu vya zawadi vikaachwa milangoni bila majina, watu wakalia na kukumbatiana. Mimi nikapewa mdogo wangu, msichana mpole kutoka Little Rock, na kila aliponiita dada nilihisi kama nimevaa nguo ya kuazima. Machi wakanichagua kuwa rais. Ulikuja na maua. Wiki hiyo hiyo kikanijia kwa posta kile kisanduku chekundu, na ndani yake beji ya Mama Mdogo Earlene yenye lulu ndogo pembeni. Aliniandikia, “Mama yako alisimama kwa ajili yangu, na mwanangu ameikataa, basi bora ivaliwe na anayeijua thamani yake.” Ulisema umeguswa. Ukasema labda sasa utamfikiria.

Nimeivaa. Nimeivaa kwenye mikutano yote, kwenye dansi ya majira ya kuchipua, na kwenye ile picha mliyoipenda.

Halafu Alhamisi ukanipigia simu una furaha. Ukaniambia umemkubalia Mama Mdogo Earlene aje kwenye chakula cha mchana cha mama na mabinti Jumamosi hii inayokuja, ila kwa sharti kwamba atasimama mbele ya madada wa zamani aseme neno la kuomba radhi kwa niaba ya binti yake. Na amekubali. Ukasema, “Maskini, analia kwenye simu kama mtoto.” Niliweka simu chini nikakaa pale kwenye ngazi, chini ya picha yako, mpaka mpishi akanipita akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Mama, Twyla hakutukataa. Sisi ndio tuliomkataa.

Tulikaa kwenye zulia lile lile, viatu tumevua kama desturi. Jolynn akasoma jina lake, na kabla hajamaliza mtu nyuma akatoa mlio wa kuku. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Jolynn akanitazama, kwa kuwa alijua barua ni yako, akasema, “Haya, yupo wa kumsimamia Mama Kuku? Au tuendelee kabla hajataga?” Wakacheka tena. Nilikuwa na nafasi, Mama. Hakuna aliyenizuia. Nilifikiria watakavyoniita mimi, na nilifikiria kiti. Nikajishughulisha na uzi uliotoka kwenye zulia. Jolynn akasema tuendelee, akasoma jina linalofuata.

Asubuhi mlezi wa wageni alikwenda kumgongea Twyla mlango akamwambia hana bahasha. Wenzake wa bwenini walikuwa wanavaa kwenda uwanjani. Kwa kuwa alikuwa ameandika sisi tu, hakukuwa na nyumba nyingine ya kumchukua. Hakuweza kumwambia mama yake kwamba hatukumtaka, na beji imeshasafishwa, basi akamwambia kwamba yeye ndiye aliyebadili mawazo. Mimi nami, nisijue alichosema, nikakuambia uongo ule ule. Ndiyo maana uongo huo ulikaa imara hivyo, umeshikiliwa pande zote mbili. Yeye alimwonea huruma mama yake. Mimi nilijionea huruma mwenyewe.

Haya ya kwake aliniambia Oktoba, kwenye mlango wa nyuma, akiteremsha waya. Nilikwenda kumsaidia kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukwaruzwa mikono. Hakuwa na hasira. Aliniuliza jambo moja tu, kama mtu anayeuliza saa. “Wewe ulisimama?” Nikamwambia nilisimama, lakini nilikuwa peke yangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Hata robota lile hatukulifikisha chini, nikaona usoni mwake nilichosema. Yeye amelelewa kwa hadithi ile ile niliyolelewa mimi. Anajua mama yake aliingia hapa kwa mtu mmoja aliyesimama peke yake. Alisema, “Aa,” basi. Akamaliza kushusha, akanipa zile pai, akaniambia moja ina sukari kidogo kwa ajili ya mlezi wa nyumba yetu mwenye kisukari. Akaondoka. Simba wetu akashinda kombe.

Wewe umemlaumu mtoto wa watu mwaka mzima, na kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nimekuwa nikikusikiliza ukimsema, nami nikiitikia “ndiyo, Mama.” Nikikumbuka hilo natamani ardhi ipasuke.

Jana nilikwenda kumtafuta Twyla kwenye mabanda ya chuo ya idara ya kuku, anakosoma. Anafanya vizuri, profesa wake anamsifu. Nilimwomba radhi nikalia, naye akaniacha nilie, hakunibembeleza. Nilimwambia nataka kukuandikia ukweli, lakini siri ni yake pia, na mama yake ataumia. Alifikiri kidogo huku akimwaga maji kwenye vibirika vya vifaranga. Akaniambia, “Kama lazima alie, basi alie kwa jambo la kweli. Nimechoka kuwa mkosaji.” Nikamuuliza kama angependa tumfungulie mlango mwakani. Akacheka, kile kicheko chake kikubwa, akasema ahsante, ana kazi.

Kwa hiyo nimeiweka beji ndani ya bahasha hii, kwenye kisanduku chake. Nakuomba umrudishie Mama Mdogo Earlene kwa mkono wako, kabla ya Jumamosi, na umweleze. Najua nakupa mzigo ambao ni wangu, lakini aliyemnyima maji ya urafiki ni wewe, na asiye na kosa ni yeye. Kama ukishindwa, Jumamosi akija akiinuka kusema yake, mimi nitainuka kabla yake na kuyasema haya yote mbele ya madada wa zamani na wapya, kifuani bila beji, na kiti cha urais nitamwachia atakayekitaka. Jolynn nimeshamwambia. Ameniambia nisijifanye mtakatifu, kila mwaka wako wasichana wanaopita na hakuna anayekufa. Labda ni kweli. Lakini mimi nimeona sura moja ya anayepita, na nimekula pai yake.

Sitakuomba uwe upande wangu. Naomba tu usimwache Mama Mdogo Earlene asimame peke yake, maana uliwahi kumsimamia nawe ukiwa mdogo kuliko mimi, miguu imekuvimba na viatu mkononi. Viatu vyangu mimi siku ile vilikuwa vizuri, Mama. Havikunibana popote.

Nisalimie Baba, na umwambie Denny ile fulana yake ninayo mimi. Tunza goti. Ukipiga simu nitapokea, hata wakisikia wote.

Wako, ingawa kwa aibu,

Maribeth